Vinywaji na Vidonge vya Kushusha Kolesteroli: Tununue au Tuache?



Ndugu msomaji, kila muhula hapakosi mwenzetu anayepita hosteli kwa hosteli na mkoba wa chupa. Mna mafuta ya samaki, vidonge vya kitunguu saumu, unga wa kukoroga kwenye maji ya uvuguvugu na vifurushi vya chai. Wengine huletewa na jamaa zao walioko Ulaya au Ghuba vichupa vya mtindi vyenye picha ya moyo. Mara nyingi anayelengwa si mwanafunzi mwenyewe, kwani kijana wa miaka 20 haifikirii sana mishipa yake. Anayelengwa ni mzazi wake: "Mpelekee mama, kolesteroli yake itashuka, tena ataachana na dawa za hospitali."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyotufanya tuandae somo hili. Kupoteza shilingi kadhaa ni hasara inayosameheka. Mzazi aliyeandikiwa dawa na daktari akiiacha kwa sababu mtoto wake msomi amemletea chupa, hasara yake inaweza kuwa ya maisha. Basi tuitazame mada hii kwa utaratibu: kolesteroli ni nini, dawa za hospitali zinafanya nini, kila bidhaa inafanya nini, na pesa ya mwanafunzi au ya mzazi wake itumike wapi kwanza.

1. Kolesteroli ni kitu gani?

Kolesteroli, ambayo wengine huiita lehemu, ni aina ya mafuta mazito yanayofanana na nta. Mwili unaihitaji. Hujenga kuta za seli, na kutokana nayo hutengenezwa nyongo, vitamini D na homoni kadhaa. Sehemu kubwa hutengenezwa na mwili wenyewe, hasa kwenye ini, na sehemu ndogo hutoka kwenye chakula.

Kwa kuwa mafuta hayachanganyiki na maji, kolesteroli husafiri kwenye damu ikiwa imebebwa na chembe maalumu. Chembe za LDL huipeleka sehemu mbalimbali za mwili, na chembe za HDL huirudisha kwenye ini. LDL ikizidi kwa miaka mingi, hupenya kwenye ukuta wa mshipa na kujikusanya humo. Ukuta unavimba na njia ya damu inakuwa nyembamba. Uvimbe huo ukipasuka, damu huganda juu yake na kuziba mshipa. Ikitokea kwenye moyo ni mshtuko wa moyo, na ikitokea kwenye ubongo ni kiharusi.

Tuzingatie mambo mawili hapa.

La kwanza, mafuta hayo yamo ndani ya ukuta wa mshipa, chini ya utando wake. Hayajabandika juu kama mafuta ya sufuria. Kwa hiyo ule usemi kwamba ndimu, siki au tangawizi "hukata mafuta kwenye mishipa" hauna msingi. Juisi ya ndimu ikifika tumboni hukuta tindikali kali kuliko yenyewe, na wala haiingii kwenye damu ikiwa tindikali ya kusugulia mishipa. Ndimu ni tunda zuri kwa samaki na kwa chai, basi.

La pili, kolesteroli iliyozidi haina dalili. Mtu anaweza kuwa nayo miaka 20 akicheza mpira kila jioni. Kwa hiyo mtu anayesema "nilikunywa wiki mbili nikajisikia mwepesi" hajatueleza lolote kuhusu kolesteroli yake. Inajulikana kwa kipimo cha damu tu.

2. Tuanze na kipimo cha kulinganishia

Huwezi kujua kama bei ni nzuri mpaka ujue bei ya duka la jirani. Vivyo hivyo, kabla ya kuzipima chupa za mkobani, tuangalie kwanza dawa zinazotolewa hospitalini, yaani jamii ya statini.

Asili ya dawa hizi ni ukungu. Miaka ya 1970 mtafiti wa Kijapani, Akira Endo, alichunguza maelfu ya aina za kuvu akitafuta kitu kinachoweza kuzuia ini lisitengeneze kolesteroli kwa wingi, akakipata. Mwaka 1987 lovastatini iliidhinishwa nchini Marekani, ikiwa statini ya kwanza kuingia sokoni.

Lakini kushusha namba kwenye karatasi ya maabara ni jambo moja, na kuokoa watu ni jambo jingine. Jibu la hilo lilikuja mwaka 1994, pale jaribio lililofanyika nchi za Skandinavia lilipotangaza matokeo yake. Wagonjwa 4,444 wa moyo waligawanywa kwa kura: nusu walipewa simvastatini na nusu vidonge visivyo na dawa, kisha wakafuatiliwa kwa zaidi ya miaka 5. Waliopewa vidonge vitupu walifariki 256. Waliopewa simvastatini walifariki 182. Baadaye watafiti waliunganisha takwimu za majaribio 26 yenye watu wapatao 170,000, wakakuta kwamba kila LDL inaposhuka kwa mmol 1 kwa lita (takriban miligramu 39 kwa desilita), matukio makubwa ya moyo na kiharusi hupungua kwa karibu moja ya tano.

Dawa hizi zina madhara yake. Wapo wanaopata maumivu ya misuli, na zinaongeza kidogo uwezekano wa kupata kisukari. Kwa kawaida mjamzito hapewi. Ndiyo maana huandikwa na daktari. Lakini hataza zake kuu zimekwisha zamani, viwanda vingi vinazitengeneza, na Shirika la Afya Duniani limeziweka katika orodha yake ya dawa muhimu. Aidha, humezwa mara moja kwa siku, kwa hiyo katika Ramadhani mgonjwa anaweza kuzungumza na daktari wake azinywe baada ya kufuturu.

Tushike mfano mmoja utakaotusaidia katika somo lote. Mama mmoja amepimwa, LDL yake ni 190. Statini ya kipimo kidogo ikimshushia asilimia 38, atafika karibu 118. Sasa tuone chupa zitamfikisha wapi.

3. Bidhaa moja moja

Steroli na stanoli za mimea. Hizi ndizo zilizomo kwenye vile vichupa vya mtindi na baadhi ya majarini. Zilipata umaarufu mwaka 1995, majarini ya Benecol ilipoanza kuuzwa Ufini. Zinafanana na kolesteroli kwa umbo, kwa hiyo huishindania nafasi utumboni na kuzuia sehemu yake isifyonzwe. Zinafanya kazi kweli: gramu 1.5 hadi 3 kwa siku, pamoja na chakula, hushusha LDL kwa takriban asilimia 7 hadi 12. Mama yetu wa mfano angetoka 190 akafika kama 171. Ni nafuu, ila ni ndogo, na siku akiacha kunywa, namba hurudi ilikokuwa. Zaidi ya hayo, hakuna jaribio lililoonyesha kwamba watumiaji wake hupata mshtuko wa moyo mara chache zaidi. Kwa sababu hiyo taasisi ya NICE ya Uingereza, inayotoa miongozo ya matibabu, mwaka 2014 iliwaelekeza madaktari wasiwashauri wagonjwa wao kuzitumia kwa lengo la kuzuia maradhi ya moyo. Sheria za Ulaya zinataka chombo kiandikwe kwamba mtu asizidishe gramu 3 kwa siku, na kwamba huenda bidhaa hiyo isiwafae wajawazito, wanaonyonyesha na watoto chini ya miaka 5. Muuzaji wa hosteli husahau kuyasoma maandishi hayo.

Unga wa oti na nyuzinyuzi. Oti ina nyuzinyuzi zinazoteleza ziitwazo beta-glukani. Hushika nyongo utumboni na kuitoa nje, na ini hulazimika kutumia kolesteroli ya damu kutengeneza nyongo nyingine. Gramu 3 za beta-glukani kwa siku hushusha LDL kwa takriban asilimia 5. Ili kuzipata unahitaji bakuli kubwa la uji, kama gramu 75 za oti kavu. Vijiko viwili vya "unga maalumu wa moyo" kwenye glasi ya maji haviwezi kufika hapo. Oti ni chakula kizuri, lakini inunue kama chakula, kwa bei ya chakula.

Mafuta ya samaki. Hushusha mafuta ya aina nyingine kwenye damu, yaitwayo trigliseridi. LDL hayaishushi. Na kuhusu kumkinga mtu wa kawaida, jaribio la Marekani lililotangazwa mwaka 2018, lenye watu 25,871, liliwapa washiriki gramu 1 ya omega-3 kila siku kwa miaka mitano hivi, na halikuonyesha upungufu wa maana wa matukio makubwa ya moyo na mishipa.

Kitunguu saumu. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha jaribio la watu wazima 192 waliokuwa na LDL iliyopanda kiasi. Baadhi walikula kitunguu saumu kibichi, wengine wakapewa aina mbili tofauti za vidonge vya kitunguu saumu, na wengine vidonge vitupu. Waliendelea kwa miezi sita. LDL haikubadilika kwa kundi lolote. Tukitie kwenye mchuzi kwa raha zetu, lakini vidonge vyake visichukuliwe kuwa dawa ya kolesteroli. Tena anayetumia dawa za kuzuia damu isigande awe na tahadhari navyo, maana vinaweza kuongeza kutoka damu.

Mchele mwekundu uliochachushwa. Hapa panahitaji uangalifu mkubwa, kwa sababu bidhaa hii hushusha kolesteroli kweli. Sababu yake ni kwamba ndani yake mna monakolini K, ambayo kikemia ni ileile lovastatini. Kwa maneno mengine, anayekwambia "hii si dawa, ni asilia" anakuuzia statini isiyopimwa. Uchunguzi mmoja wa bidhaa 28 zilizonunuliwa katika maduka ya kawaida ya Marekani ulikuta mbili hazina monakolini kabisa, na katika zilizobaki kiasi kilitofautiana kwa zaidi ya mara 60. Ukinunua chupa hii hujui kama umenunua hewa au dawa kamili. Ukimpa mzazi ambaye tayari anameza statini, umemzidishia kipimo bila daktari wake kujua. Tangu mwaka 2022 Umoja wa Ulaya hauruhusu kipimo cha siku kifike miligramu 3 za monakolini. Hatari nyingine ni sumu za kuvu zinazoweza kuota wakati wa kuchachusha. Mwezi Machi 2024 kampuni ya Kobayashi Pharmaceutical ya Japani iliondoa sokoni vidonge vyake vya mchele mwekundu baada ya watumiaji kuugua figo. Mamia walilazwa hospitali, na uchunguzi ulikuta ndani yake kemikali itokanayo na kuvu ambayo haikupaswa kuwemo. Kama hilo limetokea katika nchi yenye viwanda vya namna ile, tujiulize nani amechunguza chupa iliyokuja ndani ya begi la msafiri.

Habasoda. Wengi wetu tunaipenda, na hadithi inayoitaja inajulikana. Wanazuoni wenyewe wamejadili tangu zamani upana wa maana yake. Kwa upande wa utafiti, yapo majaribio madogo ya muda mfupi ambayo baadhi yake yameonyesha LDL kushuka kidogo. Hakuna hata moja kati yake lililopima mshtuko wa moyo au kifo. Kuitumia habasoda kwa mapenzi ya Sunna ni jambo la heri. Kuichukua hadithi na kuibandika kwenye chupa ya kampuni fulani, kwa bei fulani, pamoja na ushauri wa kuacha dawa za presha, hilo ni jambo jingine, na hadithi haikusema hivyo.

Mwaka 2022 watafiti wa Cleveland Clinic nchini Marekani waliziweka pamoja nyingi ya bidhaa hizi. Watu wapatao 190 wa miaka 40 hadi 75 walipewa kwa siku 28 mojawapo ya hizi: statini ya kipimo kidogo, kidonge kitupu, mafuta ya samaki, mdalasini, kitunguu saumu, manjano, steroli za mimea au mchele mwekundu. Statini ilishusha LDL kwa asilimia 37.9. Hakuna hata bidhaa moja kati ya sita zilizobaki iliyoshinda kidonge kitupu kwa kiwango cha kuaminika kitakwimu. Kwa uadilifu tuongeze kwamba jaribio hilo lilifadhiliwa na mtengenezaji wa statini iliyotumika, na siku 28 ni chache. Lakini matokeo yake hayapingani na yale ya miezi sita ya kitunguu saumu wala ya mafuta ya samaki.

4. "Lakini shangazi yangu alipona"

Ndugu msomaji, hoja hii utaisikia kila mara, na mwenye kuisema huwa mkweli. Shangazi alipima 240, akatumia chupa mwezi mzima, akapima tena 215. Je, si ushahidi?

Kwanza, kipimo cha kolesteroli cha mtu yuleyule hupanda na kushuka kwa asilimia kadhaa kutoka siku hadi siku, hata asipofanya lolote. Pili, watu hukimbilia chupa pale namba inapokuwa juu sana, na namba iliyo juu sana kwa bahati mara nyingi hushuka yenyewe kipimo kinachofuata. Tatu, shangazi aliyeogopeshwa na daktari huwa amepunguza pia vyakula vya kukaanga na ameanza kutembea jioni. Chupa inapokea sifa za kazi ya miguu yake. Ndiyo sababu majaribio huwa na kundi la vidonge vitupu: kundi hilo nalo hupata nafuu, na dawa ya kweli ni ile inayolishinda.

Soma pia maandishi madogo ya chupa yenyewe. Virutubisho vingi vya Marekani vinavyodai faida mwilini hubeba tamko kwamba mamlaka ya dawa ya nchi hiyo haijayathibitisha madai yake, na kwamba bidhaa haikukusudiwa kutibu wala kuzuia ugonjwa wowote. Tamko hilo linatokana na sheria yao ya mwaka 1994, ambayo haimlazimishi mtengenezaji kuthibitisha kwamba kirutubisho kinafanya kazi kabla ya kukiuza. Chupa inasema haitibu, na muuzaji anasema inatibu. Kati ya hao wawili, iamini chupa. Kuhusu alama za ubora, kama ile ya UNBS hapa Uganda, KEBS kwa ndugu zetu wa Kenya au TBS kwa wa Tanzania, hizo zinahusu viwango vya bidhaa. Hazithibitishi kwamba inashusha kolesteroli ya mtu.

5. Kinachoshusha kimo bwaloni

Wanafunzi tunalalamikia posho na maharage tangu mwaka wa kwanza hadi mahafali. Basi tusikie habari njema. Mwaka 2014 watafiti wa Kanada waliunganisha majaribio 26 ya maharage, dengu, mbaazi na jamii zake, wakakuta kwamba gramu 130 kwa siku, yaani upawa mmoja mkubwa, hushusha LDL kwa takriban asilimia 5. Ni sawa na oti ya gharama, na hapa bwaloni tumeshailipia.

Jamii ya njugu, karanga zikiwemo, nazo zina fungu lake. Uchambuzi wa majaribio 25 uliotolewa mwaka 2010 ulikuta kwamba wastani wa gramu 67 kwa siku hushusha LDL kwa asilimia 7 hivi. Mchuzi wa karanga usiotiwa mafuta ya ziada ni chakula cha heshima kwa moyo.

Kubwa zaidi ni aina ya mafuta ya kupikia. Mafuta yanayoganda huchochea LDL. Karibu nusu ya mawese ni mafuta ya namna hiyo, samli inazidi nusu, na mafuta ya nazi yanazidi asilimia 80. Mafuta ya alizeti, yanayokamuliwa kwa wingi kaskazini mwa Uganda, yana kama asilimia 11 tu. Uchambuzi wa majaribio ya muda mrefu uliotolewa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kupunguza mafuta yanayoganda hupunguza matukio ya moyo na mishipa kwa takriban asilimia 17. Chupa zote za mkobani hazina ushahidi wa namna hiyo.

Kwa wanywaji wa kahawa: kahawa iliyochemshwa bila kuchujwa huacha kwenye kikombe mafuta yanayopandisha LDL. Ukiichuja kwa karatasi, mengi hubaki kwenye karatasi. Kikombe kimoja barazani hakina neno, ila anayekunywa vikombe sita kila siku na kolesteroli yake iko juu aanze na hapo kabla ya kununua kidonge.

Mambo haya yakiungana, huleta tofauti kubwa. Mwaka 2003 timu ya David Jenkins huko Toronto iliwapa washiriki chakula kilichounganisha nyuzinyuzi zinazoteleza, soya, lozi na steroli za mimea. Ndani ya mwezi mmoja LDL yao ilishuka kwa karibu asilimia 29, karibu sawa na kundi lililopewa lovastatini. Lakini walikuwa wakipewa chakula chote tayari. Watu wengine walipopewa ushauri tu na kuachwa wajipikie kwa miezi sita, LDL ilishuka kama asilimia 13. Kwa hiyo chakula kina nguvu, na kinahitaji subira. Kwa mwenye LDL ya juu sana, kinasindikiza dawa lakini hakiwezi kuchukua nafasi yake.

6. Uhalali na uaminifu

Yapo mambo mawili yanayotuhusu sisi hasa.

La kwanza ni ganda la kidonge. Vidonge vingi vya mafuta ya samaki vina ganda la gelatini, na gelatini hutokana na ng'ombe, samaki au nguruwe. Kama chupa haisemi, usibahatishe. Tafuta iliyoandikwa gelatini ya samaki, ganda la mimea, au yenye alama ya halali kutoka taasisi inayotambulika.

La pili ni biashara yenyewe. Wengi wanaouza chupa hizi chuoni wameingizwa kwenye mtandao ambao faida yao inatokana na kuuza na pia kuingiza wengine. Hatuwahukumu. Ada ni nzito, na kutafuta riziki ni jambo la kusifiwa. Lakini biashara kwetu ina masharti. Kuficha kasoro ya bidhaa ni ghishi, na kuipa sifa isiyokuwa nayo ni ghishi pia. Anayesema "hii inatibu" huku hajui amesema jambo asilo na elimu nalo, na mnunuzi amelipa kwa sababu ya neno hilo. Unapomwambia mtu aache dawa ya hospitali, umejitwika dhamana ambayo hata mwanafunzi wa udaktari wa mwaka wa tano haruhusiwi kuibeba.

7. Pesa iende wapi kwanza?

Tuseme chupa moja ya mwezi ni shilingi 90,000. Kwa mwaka ni 1,080,000. Kabla hazijatoka mfukoni, fuata mpangilio huu.

Kwanza, kipimo. Bila namba hujui kama mzazi ana tatizo lolote. Apime pia presha na sukari, kwa kuwa presha ya juu ndiyo chanzo kikubwa zaidi cha kiharusi na nayo kwa kawaida haina dalili. Wewe mwenyewe pima mapema kama baba yako au kaka yako alipata mshtuko wa moyo kabla ya miaka 55, au mama yako au dada yako kabla ya miaka 65. Ipo kolesteroli ya kurithi, inayompata takriban mtu mmoja kati ya 250 hadi 300, na humwanza mtu angali mdogo.

Pili, jiko. Badilisha mafuta, ongeza maharage, punguza vya kukaanga. Acha sigara na shisha, na tembea.

Tatu, dawa, daktari akiiandika, na inywewe kila siku kama alivyoelekeza.

Baada ya hayo matatu, kama pesa imebaki na mtu anapenda mtindi wenye steroli, na daktari wake anajua, hatumkatazi. Mchele mwekundu tunashauri uachwe kabisa. Vidonge vya kitunguu saumu, mafuta ya samaki na chai za kusafisha mishipa, kwa lengo la kolesteroli, visinunuliwe.

Na ikiwa mzazi ameshaanza kutumia chupa? Usimvunjie heshima kwa kumcheka au kumsomea takwimu. Kaa naye, omba kuiona kadi yake ya kliniki, umuulize kwa upole: "Mama, ile dawa ya daktari bado unaendelea nayo?" Kama ameiacha, hilo ndilo la kushughulikia kwanza, siku hiyohiyo. Mwambie arudi kliniki na chupa yake mkononi ili daktari aione. Suala la kuitupa chupa linaweza kusubiri.

Maswali ya kujadili kwenye darsa

1. Muuzaji anasema bidhaa yake "inashusha kolesteroli". Ni maswali gani matatu utamuuliza kabla ya kutoa pesa?
2. Kwa nini kushuka kwa namba hakutoshi kuwa ushahidi kwamba bidhaa inazuia mshtuko wa moyo?
3. Ndugu yetu anategemea mauzo ya chupa hizi kulipa ada. Tumnasihi vipi, na jumuiya yetu inaweza kumsaidia vipi apate njia nyingine?
4. Andika chakula cha wiki moja cha bwaloni au cha nyumbani kwenu. Ni kitu gani kimoja kinachoweza kubadilishwa bila kuongeza gharama?

Allah atupe afya, awahifadhi wazazi wetu, na atujaalie kuwa wakweli katika tunayoyasema na tunayoyauza. Amin.